Msaragambo Mahali pa Kazi

Hotuba iliyosomwa mjini Same katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama.



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya furaha kazini, nilidhani amekosea anwani. Mimi nimestaafu. Lakini nilipotafakari niliona huenda amechagua vizuri, maana mstaafu ndiye mtu pekee anayeweza kuisema kazi kwa uwazi bila kugeuka nyuma kutazama kama mkuu wake amesimama mlangoni.

Wengi wenu mliokaa mbele yangu leo ni wakuu wa kazi. Wako wakuu wa idara, wenye maduka na karakana, waganga wakuu, wakuu wa shule, na wenye magari yanayopita barabara hii ya Tanga na Moshi usiku na mchana. Ninapozungumza nanyi pembeni nasikia malalamiko yale yale. Wafanyakazi wanakuja wamechelewa na kuondoka mapema. Wanafanya kile tu walichoagizwa, tena nusu yake. Hawana ari. Mmoja wenu alinieleza kwamba amewanunulia watu wake fulana, amewaandalia karamu ya mwisho wa mwaka, amebandika ukutani maneno mazuri, na bado nyuso zao ni za watu waliofiwa.

Napenda kusema leo kwamba dawa ya ugonjwa huo sisi wa milima hii tunayo tangu zamani, na jina lake ni msaragambo.

Msaragambo ni nini

Vijana mliozaliwa mijini huenda mmelisikia neno hili kwa babu zenu tu. Msaragambo ni wito wa watu wote wa mahali kwenda kufanya kazi ya wote. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Na jambo lenyewe laweza kuwa mfereji uliobomoka, njia iliyokatwa na mvua, au darasa lililoezuliwa na upepo. Barabara nyingi mnazozipanda mkienda Chome, Mbaga, Suji au Usangi zilichongwa ubavuni mwa milima kwa jembe na sururu za wananchi kabla gari la kwanza halijajaribu kupanda.

Lakini kazi inayoeleza msaragambo vizuri kuliko zote ni ndiva. Mnajua tabia ya nchi yetu. Mvua hupenda milima, na huku tambarare ya Same tunabaki na vumbi na mikonge. Wazee wakaona kwamba maji ya mfereji yakiachwa usiku yanapita bure watu wakiwa wamelala. Basi wakachimba malambo ya kuyakinga, ndiyo ndiva. Usiku mfereji unajaza ndiva. Alfajiri inafunguliwa, na maji yanakwenda kwa nguvu hadi mashamba ya mbali, kila mmoja kwa zamu yake. Kule Bangalala, chini ya Vudee, ipo ndiva iitwayo Manoo ambayo baadaye ilipanuliwa ikaweza kushika zaidi ya mita za ujazo 1,000. Wataalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa vyuo vya Ulaya wamekuja kuichunguza na kuandika habari zake. Mzee wa Bangalala aliyeshika funguo za maji amekuwa mwalimu wa madaktari wa falsafa!

Sasa nawaomba mtazame jambo moja. Ndiva hujaa tope. Kila mara hapana budi watu waingie ndani na kulitoa, na kazi ya kutoa tope si tamu. Ni baridi, ni chafu, na mgongo unauma siku tatu. Hata hivyo, nani kati yetu aliyekulia huku hakumbuki siku ya msaragambo kuwa siku ya furaha? Watu waliimba, walitaniana, na makande yalichemka chini ya mti. Tope lile lile, mtu angelilipwa fedha kulitoa peke yake, angelilalamika mpaka jioni.

Kwa nini basi walifurahi? Nimelifikiri swali hili miaka mingi, nami naona sababu nne. Kwanza, kila mtu aliiona faida ya kazi kwa macho yake. Maji yalipofunguliwa yalikwenda shambani kwake na kwa jirani yake. Pili, mkubwa alishika jembe. Mzee wa mfereji hakusimama juu ya ukingo akinyosha kidole. Tatu, hesabu ilikuwa wazi. Kila mtu alijua nani amekuja, nani hakuja, na asiyekuja bila sababu atatozwa nini. Nne, asiyejiweza alibebwa. Mjane, mgonjwa na mzee aliyeishiwa nguvu walipata maji ingawa hawakushika koleo. Hilo la nne ndilo lililoifanya kazi kuwa na heshima. Mtu alichimba akijua kwamba siku akianguka yeye, wengine watachimba kwa ajili yake.

Karakana na vitanda

Mtasema hayo ni ya shamba, na ofisini mambo ni mengine. Basi nitawapa ushahidi wangu.

Mwaka 1982 nilikuwa msimamizi wa zamu katika karakana ya shirika moja la umma, mbali na hapa. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa tupu, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na vipuri havikuwapo kabisa. Mashine zilisimama wiki baada ya wiki. Wafundi hodari, watu waliojivunia mikono yao, walikaa juu ya makopo wakicheza bao. Mfundi asiye na kazi huharibika haraka kuliko mashine isiyo na mafuta. Waligombana, walisengenyana, na wengine walianza kunywa tangu asubuhi.

Siku moja mchomeleaji wetu alimpeleka mwanawe hospitali. Aliporudi alitueleza kwamba mtoto analazwa chini kwa sababu vitanda vimevunjika miguu na vimerundikwa nyuma ya jengo. Hakuomba chochote. Alisema tu, "Kazi ya nusu saa kila kimoja." Tukatazamana. Vipande vya chuma chakavu tulikuwa navyo, na oksijeni kidogo ilikuwapo. Nikaenda kwa meneja kuomba ruhusa, na yule mzee, Mungu amlaze pema, akajibu kwamba ruhusa ipo kwa masharti mawili: kila kipande kiandikwe kitabuni kimetoka wapi na kimekwenda wapi, na Jumamosi yeye mwenyewe apewe kazi.

Alipewa tupa na msasa. Meneja wa shirika alikaa mchana kutwa akikwangua kutu kwenye kitanda cha hospitali, na alipolikosea jambo mchomeleaji alimkosoa mbele ya watu. Naamini siku ile ndiyo karakana yetu ilizaliwa upya. Tulitengeneza vitanda vyote vilivyorundikwa, kisha machela, kisha pampu ya kisima cha shule ya msingi iliyokuwa karibu. Mimi ndiye niliyeshika kitabu cha mahudhurio, kwa hiyo nasema nililoliona: watu walioitwa watoro walianza kufika kabla ya kengele. Hata kazi za shirika zilibadilika. Wafundi waliokwisha kuzoea kubuni vipuri kwa ajili ya hospitali walianza kubuni vipuri kwa mashine zetu wenyewe, na mashine mbili zilizokuwa zimekatiwa tamaa zikanguruma tena.

Hatukuongezewa senti. Kilichoongezeka ni kwamba mtu aliporudi nyumbani na kuulizwa na mkewe, "Leo umefanya nini?" alikuwa na jibu.

Mbiru ya ofisini

Ndugu zangu, nisiwape asali tupu. Jambo hili hili likifanywa vibaya huleta chuki kuliko kama lisingefanywa. Na kwa hilo pia milima yetu ina fundisho, nalo ni mbiru.

Miaka ya 1940 baraza la watawala wa jadi, chini ya serikali ya kikoloni, lilianzisha kodi mpya iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa kiwango chake kwa kadiri ya mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Wapare hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kawaida walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni kukadiriwa kwa namna wasiyoielewa, na watu ambao hawakuwaeleza sababu. Mapema mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milimani hadi hapa hapa Same, wakakaa, wasiondoke. Wanawake nao, baada ya kuachiwa mashamba na watoto kwa muda mrefu, waliandamana. Mwishowe kodi ile ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii na mmoja wa wanahistoria wakubwa wa nchi yetu, aliiandikia habari hiyo kijitabu kilichotoka mwaka 1971. Vijana, kitafuteni.

Basi tazameni: watu wale wale walioacha shughuli zao kwenda kutoa tope la ndiva bila kulipwa, ndio walioacha mashamba yao kuipinga mbiru. Kwa nini? Watani wetu husema Mpare hatoi kitu bila risiti, na kwamba yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waseme. Mimi naona hiyo ni sifa. Mpare atatoa jasho lake lote ukimwonyesha linakwenda wapi. Usipomwonyesha, hutapata hata tone.

Nimeiona mbiru ya ofisini. Katika miaka ya 1990 nilifanya kazi kwa muda katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja tulikuta tangazo: kila mfanyakazi atakatwa sehemu ya mshahara kusaidia watoto yatima. Hakuna aliyeulizwa. Wakati huo mishahara yenyewe ilikuwa imechelewa miezi miwili, na miongoni mwetu walikuwamo waliokwisha kuwarudisha watoto wao kutoka shule kwa kukosa ada. Baada ya muda tuliona picha gazetini: mkurugenzi anakabidhi hundi kubwa kama mlango, anatabasamu. Fedha ilikuwa yetu, tabasamu lilikuwa lake. Siku ile niliwasikia watu wapole, wacha Mungu, wakiwasema vibaya hata yatima ambao hawakuwa na kosa lolote. Ndivyo hisani ya lazima inavyofanya; inamwibia mtoaji furaha ya kutoa, na inamvunjia heshima anayepewa.

Jirani zetu wa Kenya wamepitia njia hiyo hiyo. Harambee ilipoanza baada ya uhuru wa mwaka 1963 ilijenga shule na zahanati nyingi kwa moyo wa watu. Polepole ikaingiliwa na wakubwa waliotaka kuonekana, na maofisa waliowatoza wananchi kwa nguvu, hata ikabidi mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iwawekee maofisa mipaka katika kukusanya michango hiyo. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imemwekea mwajiri mipaka ya kugusa mshahara wa mtu. Wenye makampuni, isomeni kabla hamjabandika tangazo.

Yanayotangulia

Naomba niseme wazi, maana najua baadhi yenu mmeanza kupiga hesabu kwamba msaragambo ni rahisi kuliko nyongeza ya mishahara. Sivyo. Mshahara hutangulia. Kumlipa mtu haki yake kwa wakati si hisani, ni deni. Mwajiri anayejenga kisima cha kijiji huku mlinzi wake hajalipwa, huyo anachota maji ya mwingine na kujiita mkarimu. Kadhalika usalama wa kazi, likizo, na lugha ya staha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kibri na majivuno, na ingawa mengi yamebadilika tangu wakati ule, sijaona mahali ambapo kibri kimeongeza uzalishaji.

Vilevile hisani huanzia kwa aliye karibu. Katika sehemu nyingi za kazi tuna vyama vya kufa na kuzikana, tuna upatu, tuna SACCOS. Vijana wenye elimu kubwa huvicheka kama mambo ya kizamani. Mimi nasema, mkitaka kujua kama ofisi ina afya, ulizeni nani alikwenda msibani kwa mfagizi alipofiwa na mama yake. Kama walikwenda wafagizi wenzake tu, ofisi hiyo ni mgonjwa hata kama ina viyoyozi. Kama mkurugenzi alikwenda, akakaa mkekani, akala kile walichokula wengine, hapo pana jambo la kujengea.

Ushauri wangu

Kwa hiyo, ninyi mlio wakuu wa kazi, nawashauri hivi. Msianze na fedha. Anzeni na mikono, na kazi ile ambayo watu wenu wanaijua. Mafundi wachomelee. Wahasibu wakaisaidie zahanati au chama cha msingi kupanga vitabu vyake. Madereva wabebe mchanga wa kujengea darasa. Wauguzi wapande mlimani siku moja wakapime shinikizo la damu la wazee wasioweza kushuka. Mtu anapojitolea kwa ujuzi wake mwenyewe huona thamani ya ujuzi huo, na Jumatatu anarudi kazini akiupenda zaidi.

Wafanyakazi wenyewe ndio wachague kazi. Mabaraza ya wafanyakazi yapo nchini kwetu tangu Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970. Yatumieni, yasiwe ya kunywa soda tu. Asiyeweza au asiyetaka asiandikwe jina wala asitazamwe kwa jicho baya. Kila senti na kila msumari uandikwe, na karatasi ibandikwe mahali ambapo hata mgeni atasoma. Nawe mkuu, shika koleo. Usije saa nne na mpiga picha ukaondoka saa nne na nusu.

Tena kazi iwe ya kurudia. Ndiva haisafishwi mara moja. Ofisi inayokwenda kutembelea wagonjwa siku moja kwa mwaka na kurudi na picha imefanya matembezi. Ofisi inayokwenda kila mwezi mahali pale pale, mpaka wagonjwa wanawajua kwa majina, hiyo imepata ujamaa.

Sasa namalizia kwa jambo linalotuhusu sisi hapa. Shule nyingi za sekondari za wilaya zetu hizi za Same na Mwanga zilijengwa kwa tofali, mchanga na mawe ya wananchi. Hata ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004 na shule za kata zikaota kila mahali, wananchi ndio waliopandisha misingi. Sisi tuliofaidika tumezoea kukutana hotelini, kula, kuchanga, na kumwachia Mwalimu Mkuu bahasha. Bahasha ni njema. Sitaki mweka hazina anione vibaya. Lakini vijana hawa hawajapata kutuona tukitoka jasho, na wengi wao wanadhani elimu ni ngazi ya kuikimbilia mbali kazi ya mikono.

Natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti, kwamba mkutano wetu ujao tufike siku moja mapema. Mabweni yanahitaji mifereji ya kukinga maji ya mvua, na tangi linahitaji msingi. Wahandisi tunao, mafundi tunao, na wenye malori nawaona pale nyuma wameinamisha vichwa. Tuchimbe pamoja na wanafunzi, jaji kando ya kondakta, tule makande ya shule, na hesabu ya saruji ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ambao magoti yao yamegoma, nikiwamo mimi, tutapewa kazi ya kunyosha misumari na kusimulia uongo wa zamani.

Kutoa ni moyo, walisema wahenga, wala si utajiri. Nami naongeza kwamba moyo nao, kama jembe, hushika kutu usipotumika.



(Hoja iliungwa mkono. Wanachama wanaombwa kupeleka majina yao kwa Katibu, na kila mmoja aeleze ni chombo gani cha kazi atakachokuja nacho.)